Ami, Kesho Vipi?

"Shikamoo, ami. Kesho vipi?"

Swali hilo hunifika barazani kila jioni baada ya Magharibi, kuanzia mwezi wa sita mpaka kusi ichoke. Muulizaji ni mtoto wa ndugu yangu, ana miaka 19, na haulizi habari za samaki. Zamani hapa Mayungu baba yangu aliulizwa maneno hayo hayo na manahodha wenzake waliotaka kujua kama watatoa mashua asubuhi. Huyu wangu anataka kujua kama atatoa ubao. Ni ubao wa kupanda mawimbi, mtumba, wenye viraka vitatu vya gundi, aliouachiwa na mgeni ambaye nauli ya kuurudisha kwao kwa ndege ilimshinda.

Mimi ni mtu wa boti. Kabla ya mwaka 1998 nilikuwa nimeshaanza kupeleka wageni kuangalia samaki mwambani, baina ya Malindi na Watamu, na kabla ya hapo nilivua na baba. Juu ya ubao nilipanda mara moja tu, nikameza maji ya chumvi ya kutosha kupikia pilau ya harusi. Lakini kuisoma bahari ya kesho ndiyo kazi inayonilisha, kwa sababu nikikosea huunguza petroli bure, na wageni wa watu wamo ndani.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa mwisho wa Julai 2024, mwezi wetu wa Mfunguo Nne umebaki nusu kipande. Kijana aliniletea simu usoni. Wimbi mita 1.8. Sekunde 9. Kutoka kusini, kidogo mashariki. Upepo noti 18 adhuhuri.

"Mita 1.8, ami! Kesho ni kesho."

Nikamwambia akae kwanza.

Simu hiyo haidanganyi, ila inazungumza habari za mahali pengine. Inaisoma bahari ya nje, kwenye kina, ambako hakuna kitu chini ila maji na maji. Baina ya huko na mchanga wetu kuna ukuta wa matumbawe unaofuata pwani hii, unakatika penye milango na vijito, kisha unaendelea. Wimbi likiufikia ukuta huo huwa jambo jingine kabisa. Watafiti waliokusanya vipimo vya miamba ya dunia nzima walichapisha mwaka 2014 kwamba mwamba wa matumbawe hulinyang'anya wimbi, kwa wastani, asilimia 97 ya nguvu zake kabla halijagusa ufuo. Ndiyo maana mama zetu walitutuma kuoga bila wasiwasi ndani ya mwamba hata kusi ikinguruma. Na asilimia 97 hiyo inayomwagwa pale mwambani, kwa kelele na povu, ndiyo anayoitafuta kijana na ubao wake.

Basi tuanze na tarakimu zenyewe, maana wengi huzisoma kama bei ya sukari.

Mita 1.8 si kimo cha kila wimbi. Ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa zaidi. Mengi yatakayopita yatakuwa madogo kuliko hapo, na moja moja, ndani ya saa chache, litapita lenye kimo karibu mara mbili yake. Mtu aliyesoma mita 1.8 akapanga moyo wake kwa mita 1.8 atakutana na la mita 3 na zaidi akiwa amekaa juu ya ubao anafunga kamba ya mguu. Baba hakuwa na simu, lakini hili alilijua. Alikuwa akisimama mchangani kabla ya kusukuma mashua, haongei na mtu, anahesabu. Mawimbi huja kwa mafungu: madogo, madogo, kisha matano au sita mazito yakifuatana, kisha bahari inapumzika kana kwamba hakuna kilichotokea. Asiyejua hufika ufuoni wakati wa mapumziko, akasema leo shwari. Baba alisubiri aone mafungu mawili mazima ndipo aseme "Bismillahi, sukuma."

Sekunde 9 ni muda kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Hiyo ndiyo tarakimu ninayoitazama kwanza, hata kabla ya kimo. Wimbi la sekunde 5 ni mtoto wa upepo wa hapa hapa. Limezaliwa mchana huu, halina mpango, linakurushia maji usoni tu. La sekunde 9 limetembea. Kwenye kina kirefu, kutoka kilele hadi kilele lina karibu mita 126, na fungu lake husafiri kama kilomita 600 kwa siku. La sekunde 14, ambalo kwetu ni mgeni wa nadra, lina urefu wa mita 300 na ushei na husafiri zaidi ya kilomita 900 kwa siku. Kadiri wimbi lilivyo refu ndivyo linavyobeba nguvu zake chini zaidi, na ndivyo linavyoumuka zaidi likigusa mwamba. Mita 1 ya sekunde 14 inaweza kumpiga mtu zaidi kuliko mita 1.8 ya sekunde 6. Vijana hawapendi kusikia hivyo, kwa kuwa kimo ndicho kinachopendeza kwenye simu.

Kwa nini ya sekunde 14 ni nadra kwetu? Tazama ramani. Dhoruba kubwa za bahari ya kusini kabisa, zinazolisha Afrika Kusini na Indonesia mawimbi yao mashuhuri, zipo nyuma ya Madagaska. Wazee wetu wakiiita Bukini, na kisiwa hicho kimelala mbele yetu kama mtu aliyelala mlangoni. Kinachotufikia zaidi ni mawimbi yanayosukumwa na kusi yenyewe, ikivuma siku baada ya siku bila kuchoka, Juni, Julai, Agosti. Ni mawimbi ya sekunde 7, 8, 9. Hayana umaarufu, lakini hayakosi. Msimu mzima mwamba hulia usiku, na mke wangu huniambia akienda Nairobi kwa dada yake hapati usingizi siku mbili za mwanzo kwa ajili ya ukimya.

Sasa mwamba.

Wimbi huanguka pale kina kinapokuwa kama mara moja na robo ya kimo chake. La mita 1.5 litajikunja na kupinduka likikuta maji ya mita 2 hivi. Kwenye mchanga, kama kule Malindi mjini, mchanga huinuka taratibu na wimbi huanguka taratibu. Kwenye mwamba, chini hupanda kwa ghafla kutoka giza la buluu hadi matumbawe yanayoonekana, na wimbi nalo husimama ghafla, linachongoka, linamwagika mbele kama pazia. Hapo ndipo raha ilipo, na hapo ndipo magoti huachwa. Na kina hicho hakikai mahali pamoja, kwa sababu pwani yetu maji hupanda na kushuka sana. Kwenye kitabu cha maji cha Mamlaka ya Bandari, kinachohesabiwa kwa Kilindini na kutufaa sisi kwa tofauti ya dakika chache, bamvua hupwa hadi karibu mita 0.3 na kujaa hadi mita 3.5, mara nyingine zaidi. Maji mafu hupwa hadi mita 1.3 na kujaa hadi 2.4 hivi. Mgongo wa mwamba ninaoujua mimi, mbele ya mlango tunaoutumia, huanza kuchomoza maji yakishuka chini ya nusu mita kwenye kitabu hicho. Kwa hiyo hesabu ni ya darasa la nne: toa nusu mita, umepata maji yaliyo juu ya jiwe.

Bamvua ikijaa, toa nusu mita, unabaki na mita 3. Wimbi la mita 1.5 litapita juu ya mwamba bila hata kuusalimu, liende likafe mchangani. Bamvua ikipwa, mgongo uko nje, wavua pweza wanautembelea na vijiti vyao, na wimbi linapasukia kwenye jiwe kavu. Nani atapanda hilo? Kijana anataka maji ya kifua hadi kichwa: mita 1.3, mita 1.8. Kwa kifupi anataka maji nusu.

Mpaka hapo hata yeye anajua. Lililonichukua miaka mimi kulielewa ni la saa.

Bamvua haichagui saa ovyo. Inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku moja mbili baada yake, na kwa kuwa mwezi na jua ndio wanaoivuta pamoja, katika pwani moja bamvua hujaa na kupwa karibu saa zile zile mwaka mzima. Kwetu sisi bamvua hujaa alfajiri kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na hupwa asubuhi kati ya saa nne na saa tano. Waulize kina mama wanaookota chaza na wavua pweza: hawahitaji kitabu, wanajua kwamba mwezi ukiwa wa 15 au wa 16, saa tatu wawe njiani kuelekea mwambani. Maana yake ni kwamba siku zote za bamvua, asubuhi nzima, maji yanashuka. Saa mbili, wakati upepo bado umelala na bahari inapendeza kama kioo, maji nusu yapo, kweli, lakini ni maji nusu ya kukimbia. Yanatoka ndani ya mwamba yote kwa pamoja na yanatokea mlangoni.

Maji mafu ni kinyume. Hupwa alfajiri, na kutoka hapo hupanda polepole mpaka saa nne, saa tano asubuhi. Hayapwi sana wala hayajai sana. Asubuhi nzima kuna maji ya kifua juu ya jiwe, yanaongezeka kidogo kidogo, na mkondo wa mlango ni wa kistaarabu. Vijana huyadharau kwa jina lake tu. Nani atake kupanda mawimbi kwenye maji mafu? Lakini mawimbi hayatoki mwezini. Yanatoka kwenye upepo wa mbali. Kilichokufa ni kupwa na kujaa, na kwa mtu wa ubao hapa Mayungu, wakati wa kusi, hicho kikifa ni heri.

Nilijifunza kwa ubishi. Agosti moja, mwezi wa 16, nilikodiwa na wageni wawili wenye mbao nzuri za bei. Walitaka upande wa nje wa mlango, saa mbili asubuhi. Mimi nilitazama upepo, nikaona umetulia. Nikatazama kimo, nikaona cha wastani. Nikasahau kutazama maji yanaenda wapi. Tulitoka mlangoni kama tumesukumwa na mkono. Nilifurahi hata, nikapunguza petroli. Baada ya nusu saa nilipogeuza macho nyuma, mlango haukuwepo. Maji yanayotoka yalikuwa yakigongana na mawimbi yanayoingia, na wimbi likikutana na mkondo unaolipinga hufupika na kusimama wima, kama mtu aliyezuiwa mlangoni akaanza kugombana. Pale nilipopita kwa utulivu palikuwa na kuta za povu kutoka ncha ya mwamba hadi ncha nyingine. Kushoto na kulia, mwamba ulikuwa umeshaanza kuonyesha mgongo. Hakuna njia.

Tulikaa nje mpaka saa saba mchana. Kusi iliamka saa nne kama kawaida yake. Mgeni mmoja alitapika mpaka akabaki anatapika hewa. Mwenzake alijaribu kurudi kwa ubao kupitia juu ya mwamba, ubao ukavunjika vipande viwili, nikaenda kumtoa na jiwe likanichana muundi. Kovu lipo. Maji yalipoanza kujaa na mkondo ukageuka, mlango ulifunguka kama vile haukufungwa, tukaingia. Walinilipa nusu, na sikudai iliyobaki.

Tangu siku hiyo, nikiulizwa kesho vipi, jibu langu huanza na mwezi. Kimo baadaye.

Halafu upepo, na hapa simu huniudhi kidogo. Imeandika noti 18, na kweli adhuhuri zitakuwa 18, pengine zaidi. Lakini kusi ina tabia ya siku. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na alfajiri pepo dogo la umande hutoka bara likisukuma kuelekea baharini. Kusi yenyewe hujikunja ikawa inatoka kusini magharibi, nyuma ya minazi. Upepo wa namna hiyo hulisimamisha wimbi, hulipiga pasi uso. Jua likipanda, bara hupata joto, upepo huzunguka ukatoka baharini moja kwa moja, na kufikia saa nne au saa tano uso wa wimbi umekuwa kama uji uliokorogwa. Vijana wetu waliozoea wageni wa Kiitaliano huiita hali hiyo *mare mosso*, na ukiwasikia wanavyolitamka utadhani walizaliwa Napoli. Saa za mtu wa ubao ni zile za sala ya alfajiri mpaka wakati wa chai ya saa tatu. Baada ya hapo bahari ni ya watu wa kaiti, wale wa kuvutwa na tiara kubwa, ambao wanataka hasa huo upepo tunaoukimbia sisi. Kilifi, ufuo wa Bofa, na kaskazini ya Mambrui utawaona alasiri wametapakaa angani kama nyuki. Mchana mmoja, bahari moja, huyu analaani na yule anashukuru.

Nimetaja Malindi mjini na Kilifi, na ni vizuri nieleze kwamba haya ninayosema ya mlango wa Mayungu hayahamishiki yote. Ghuba ya Malindi haina mwamba mbele yake kama sisi. Mto Sabaki unamwaga mchanga na tope lake kaskazini ya mji, ufuo umepanuka kwa huo mchanga, na mawimbi ya kusi huingia mpaka nchi kavu. Kwa anayeanza, nitampeleka huko kabla ya kumleta mwambani: akianguka ataangukia mchanga. Tope lenyewe lina msimu wake. Kaskazi ikivuma hulisukuma kusini, maji ya Malindi yakawa rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikivuma hulirudisha kaskazini kuelekea Ngomeni na ghuba ya Ungwana. Kilifi nako kuna mdomo wa kijito kikubwa, na mkondo wake wakati bamvua inapwa una nguvu mara nyingi kuliko wa mlango wangu. Mtwapa, Takaungu, Mida: kila penye mdomo, uliza kwanza maji yanaenda wapi.

Kaskazi, Desemba hadi Machi, sina kazi ya kumtabiria kijana. Mawimbi huwa madogo na mafupi, maji ya mwambani safi, na mimi ndipo ninapopata riziki yangu kwa wageni wa miwani na mapezi. Kijana huuweka ubao chini ya kitanda na kwenda kufanya kazi ya saruji kwa fundi. Masika inapoingia na kusi inapoanza kujaribu nguvu zake, Aprili na Mei, bahari haina adabu: leo hivi, kesho vile, mvua inatoka upande usioutarajia.

Na mwaka huo 2024 masika ilituletea jambo ambalo baba yangu hakuwahi kuliona. Kimbunga. Sisi tuko karibu mno na ikweta. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini yake, na vimbunga huhitaji mzunguko wa dunia uvisokote, nguvu ambayo karibu na ikweta ni ndogo mno. Kwa hiyo hupita mbali, Msumbiji na Madagaska. Lakini Hidaya ilijiunda mwanzoni mwa Mei juu ya maji ya joto, ikaja mpaka kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei. Haikutugusa sisi yenyewe. Mawimbi yake yalitugusa. Idara ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la mawimbi ya zaidi ya mita 2 pwani yote, na shughuli za ufuoni zikasimamishwa. Kijana alikuja barazani macho yanang'aa. Alikuwa ameona tarakimu. Sikumpa hotuba. Nilimwambia asikilize. Siku za kawaida mwamba hulia kwa mapigo, unaweza kuyahesabu: du, kimya, du, kimya. Jioni ile hapakuwa na kimya. Ilikuwa sauti moja ndefu, kama lori lisilopita. Alisikiliza, akauangalia ubao wake, akaenda kuufunga kwa kamba kwenye mnazi, akasaidia kupandisha boti zetu juu kabisa penye magugu.

Huwa pia ninamwambia, ingawa hili halimo katika utabiri wa kesho, kwamba mwamba wenyewe unabadilika. Mwaka 1998 maji yalipata joto, matumbawe ya pwani hii yakageuka meupe kama chokaa na mengi yakafa. Nilikuwa nikipeleka wageni wakiniuliza kama kumenyesha theluji chini. Hifadhi za Malindi na Watamu zimekuwepo tangu 1968 na uvuvi ndani yake ni marufuku, lakini joto haliombi kibali. Tumbawe lililokufa huliwa na bahari, huvunjika, na mwamba ukipoteza hata shibiri moja ya kimo chake, hesabu yangu ya kutoa nusu mita nayo inabadilika. Nishaisahihisha mara moja. Baba alikuwa na jiwe lake alilolitumia kama alama ya kupwa, silioni tena.

Basi jioni ile ya Julai, nilimpa jibu lake hivi: maji yatapwa saa kumi alfajiri au kupita kidogo, mita 1.2, yatajaa saa nne u nusu, mita 2.5. Kwa hiyo saa moja juu ya jiwe una maji ya kiuno na ushei, saa mbili kifua, saa tatu yamekaribia kichwa. Umande upo mpaka saa mbili u nusu. Mawimbi ya nje mita 1.8, yanakuja ubavuni, kwa hiyo mwambani tarajia mita 1 na nusu, na fungu zito kila robo saa. Mlango utakuwa mpole. Ingia maji saa moja na robo, toka kabla ya saa tatu. Vaa viatu vya mpira.

"Hivyo viatu vinanizuia, ami."

"Vaa."

Alfajiri nusu mwezi ulikuwa juu utosini, minazi imetulia, na kutoka ufuoni nilisikia mapigo yakiwa na kimya kati yake. Nilimpeleka kwa boti mpaka pembeni ya mlango, nikatia nanga ndani, penye mchanga. Saa moja na nusu alipanda la kwanza. Kwa umbali ule humwoni mtu. Unaona mstari wa buluu unainuka, unang'aa, na kitu kidogo cheusi kinateremka mshazari, kinapotea, kisha kinatokea nyuma ya povu kikipiga mikono kurudi. Nilihesabu kumi na nne. Nilikuwa na chupa ya chai na mahamri, na nakiri kwamba nilifurahi kuliko yeye.

Nilikosea jambo moja. Saa mbili na dakika chache wingu jeusi lilitoka baharini, moja ya zile mvua fupi za kusi ambazo simu haizioni kwa udogo wake, na mbele yake upepo ukaja mapema, nusu saa kabla ya saa niliyompa. Uso wa maji ulikunjamana palepale. Nilimpungia kanga. Alipanda moja zaidi, kama nilivyojua atafanya, likamfungia, likamshusha juu ya jiwe. Alirudi botini anacheka na kuchechemea. Viatu vya mpira vilikuwa vimekaa kavu chini ya benchi ya boti, usiku wote vilikuwa vimelala hapo.

Jioni alikuwa barazani kwangu, mguu juu ya kibao cha mbuzi, shangazi yake anampaka utomvu wa papai bichi ili miiba iliyomwingia, ya wale wanyama weusi wa mwambani, ilainike. Miiba kumi na moja. Alikuwa kimya kwa muda wa kuheshimika.

"Ami, kesho vipi?"

Nikamwambia kesho maji yanachelewa, na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi ya saa nzima, si pungufu ya saa kama wakati wa bamvua. Mpaka saa mbili atakuwa na maji ya kiuno tu juu ya jiwe, na kufikia maji ya kifua upepo utakuwa umeshaamka. Zaidi ya hayo, ana mguu mmoja.

Akaunyoosha ule mguu, akautazama.

"Na kesho kutwa?"

Nikavuta kitabu.